Senga Ndani ya Kompyuta: Teknolojia na Elimu ya Afya ya Uzazi katika Shule za Sekondari za Uganda, 1993–2022

Mwaka 2011, katika shule nne za sekondari za Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, wanafunzi 366 walishirikishwa katika jaribio la programu ya intaneti iliyokusudiwa kuwafundisha vijana namna ya kujikinga na virusi vya UKIMWI. Programu hiyo iliitwa CyberSenga. Sehemu ya kwanza ya jina inaelekeza kwenye mtandao wa kompyuta. Sehemu ya pili ni neno la Kiganda, ssenga, ambalo maana yake ni shangazi, dada wa baba.

Waliochagua jina hilo walijua walichokuwa wakikifanya. Kwa Waganda, senga si jamaa wa kawaida. Ndiye aliyekabidhiwa jukumu la kumfunda binti wa kaka yake mambo ya mwili, usafi, unyumba na namna ya kuishi na mume, mambo ambayo mama mzazi hakutarajiwa kuyatamka mbele ya mwanawe. Msomaji wa pwani atamtambua upesi, kwani kazi yake inafanana na ya somo au kungwi, ingawa kungwi huchaguliwa ilhali senga huzaliwa akiwa na wadhifa wake. Msomaji wa gazeti la Taifa Leo la Kenya naye ana shangazi wake, yule wa safu ya “Shangazi Akujibu”, anayewajibu watu asiowahi kuwaona kwa sura. Inafaa kutaja pia kwamba Mbarara ipo Ankole, ambako shangazi ana jina lake jingine. Jina la mradi lilichotwa Buganda kwa sababu senga alikwisha kuwa alama ya nchi nzima.

Makala haya yanachunguza kipindi ambacho teknolojia iliingizwa shuleni nchini Uganda ili kuibeba kazi ya mtu huyo. Swali linaloongoza uchunguzi ni dogo: mashine iliitwa ije kuondoa nini? Waliobuni programu hizi walikuwa na jibu moja, nalo ni aibu. Mwalimu huona haya kutamka, mwanafunzi huona haya kuuliza, na kompyuta haioni haya. Ushahidi wa takriban miaka thelathini unaonyesha kwamba jibu hilo lilikuwa na nusu ya ukweli. Kompyuta haioni haya, lakini pia haimjui mwanafunzi wala haiwajibiki kwake. Na pale elimu hii ilipofaulu au kukwama, kilichoamua mara nyingi kilikuwa ni mtu mzima aliyesimama karibu na mashine, na kiasi cha maneno alichoruhusiwa kusema.

Gazeti, mwimbaji na shangazi wa Masaka

Uganda iliingia katika historia hii ikiwa na desturi ya kusema wazi ambayo nchi jirani hazikuwa nayo kwa kiwango hicho. Serikali ya Yoweri Museveni, iliyoshika madaraka mwaka 1986, ilianzisha mpango wa kudhibiti UKIMWI mwaka huohuo. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia walioathirika. Mwaka 1989 mwimbaji Philly Bongoley Lutaaya alitangaza hadharani kwamba ameambukizwa, kisha akazunguka shuleni na makanisani kuwaeleza vijana hali yake kabla ya kufariki Desemba mwaka huo. Kiwango cha maambukizi kwa watu wazima, kilichokadiriwa kufikia takriban asilimia 15 mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 6.4 kwa mujibu wa upimaji wa kitaifa wa 2004–2005. Wanazuoni wangali wanabishana kuhusu sababu za mshuko huo, lakini hakuna anayekataa kwamba Waganda walizungumza.

Kwa wanafunzi, chombo cha kwanza cha mazungumzo hayo hakikuwa cha umeme. Mwaka 1993 lilianza kuchapishwa gazeti dogo la Straight Talk, likisambazwa ndani ya gazeti la New Vision na kupelekwa shuleni. Uzito wa gazeti hilo ulikuwa katika barua. Kijana aliandika swali lake, pengine bila jina, nalo likajibiwa kwa lugha nyepesi mbele ya wasomaji wote. Mwaka 1998 likafuata Young Talk kwa ajili ya shule za msingi, na mwaka 1999 kipindi cha redio. Katika hatua hizo tunaona tayari umbo la wazo litakalofika kwenye kompyuta baadaye, la muulizaji asiyeonekana anayepewa jibu lisilo na karipio. Hata hivyo, nyuma ya karatasi walikuwapo watu waliosoma barua hizo moja baada ya nyingine. Swali la msichana wa Soroti lilimfikia mtu, si hifadhi ya majibu.

Karibu na wakati huo watafiti wa afya wilayani Masaka walijaribu njia iliyoelekea upande mwingine kabisa. Badala ya kumtafutia senga mbadala, walimwendea senga mwenyewe. Kazi ya Muyinda na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2003, inaeleza jinsi wanawake wa vijijini walivyopewa mafunzo kuhusu UKIMWI na magonjwa ya zinaa ili wawe masenga wa kijiji kizima, wakiwapokea wasichana wasio wa ukoo wao. Sababu ya jaribio hilo ilikuwa wazi. Masenga wa damu walikuwa wamepungua karibu na wasichana. Wengine walikuwa wamehamia mjini, wengine wamefariki kwa ugonjwa uleule uliohitaji kufundishwa, na wengine bado walifundisha ya ndoa tu ilhali wasichana waliwajia wakiwa na maswali ya kabla ya ndoa. Tamale (2005) naye ameonyesha kwamba mjini Kampala senga alikuwa amegeuka kuwa mtaalamu wa kulipwa, mwenye safu gazetini na sauti redioni. Hivyo basi, kompyuta ilipofika haikumkuta senga wa kale akiwa kibarazani amekaa kimya. Ilimkuta tayari yuko hewani.

Mwaka 2003: David na Rose

Mwaka 2003 mashirika mawili ya Uholanzi, World Population Foundation na Butterfly Works, yakishirikiana na SchoolNet Uganda iliyokuwa ikisaidia shule za sekondari kupata kompyuta na intaneti, yalianzisha programu ya The World Starts With Me, jina linaloweza kufasiriwa kuwa Dunia Huanza na Mimi. Ilikuwa na masomo 14 yaliyopangwa ndani ya kompyuta. Mwanafunzi aliongozwa na vijana wawili wa kuchorwa, David na Rose, waliozungumza naye kwa lugha ya rika lake.

Mpangilio wa masomo unastahili kuangaliwa kwa makini, kwani ndimo ilimofichwa falsafa yote. Programu haikuanza na virusi. Ilianza na hisia: furaha, huzuni, kujithamini. Ikaendelea na mabadiliko ya mwili, urafiki, mazingira anamoishi kijana, nafasi za wanawake na wanaume katika jamii, na haki. Baada ya hapo tu ndipo yalipokuja mapenzi, mimba, magonjwa ya zinaa na kondomu, UKIMWI na ukatili wa kingono. Ilimalizia na ndoto za maisha ya baadaye, kisha maonyesho ambayo wanafunzi waliwaonyesha wengine kazi zao. Kila somo lilidai kitu cha kutengenezwa kwa mikono, kama vile mchoro, bango au igizo fupi. Anayefahamu unyago hatashangaa. Kule nako mwari hafunzwi kwa kuambiwa tu. Hufunzwa kwa wimbo, ngoma na vitu vya kushika, na siku ya kutolewa nje huwa ni maonyesho mbele ya jamii. Hakuna ushahidi kwamba wabunifu wa Amsterdam walikuwa na unyago akilini. Inaelekea zaidi kwamba walifika mahali palepale kwa njia yao.

Kompyuta ilipewa kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kuvuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanafunzi wa Uganda aliyepata nafasi ya kugusa kibodi aliiona kama bahati, na mzazi aliyesitasita kuhusu elimu ya ujinsia alikubali kwa furaha mwanawe ajifunze kompyuta. Mafunzo ya ngono yaliingia darasani yakiwa yamepanda mgongoni mwa mafunzo ya teknolojia. Kazi ya pili ilikuwa kutamka. Maneno ambayo mwalimu angeyameza yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwenye kioo. Mwalimu alibaki kuwa msimamizi, asiwe mtamkaji. Kwa mwalimu ambaye hakuwahi kufundishwa chuoni namna ya kutaja sehemu za siri mbele ya wavulana na wasichana arobaini, huo ulikuwa unafuu wa kweli.

Shule nyingi hazikuweza kuupata unafuu huo kwa muda mrefu. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2006 ulikuta umeme katika takriban asilimia 9 tu ya kaya za Uganda. Shule iliyokuwa na umeme haikuwa nao kila siku, na yenye kompyuta haikuwa nazo za kuwatosha wanafunzi. Mwaka 2007 serikali ilianzisha elimu ya sekondari kwa wote, madarasa yakafurika. Kwa kuwa masomo ya programu hii yalifanyika nje ya ratiba, baada ya vipindi vya kawaida, yalishindana na mitihani, usafi, michezo na safari ndefu ya kurudi nyumbani. Waendeshaji wakalazimika kuandaa toleo lisilotumia kompyuta, lenye masomo yaleyale kwenye karatasi.

Toleo hilo la karatasi ndilo ushahidi mzuri zaidi alionao mwanahistoria. Kama kompyuta ingekuwa ndiyo kiini cha programu, kuiondoa kungeiua. Haikufa. Ilienea katika shule nyingi zaidi, ikavuka mpaka kwenda Kenya, na kufikia mwongo uliofuata ilikuwa imefika nchi nyingine kadhaa za Afrika na Asia. Kilichokufa ni ule unafuu wa mwalimu. David na Rose walipokuwa karatasini, lazima mtu awasome kwa sauti.

Somo lililorukwa

Mtu huyo aliyepaswa kusoma kwa sauti alikuwa akifanya kazi katika nchi ambayo upepo wa sera ulikuwa umegeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Rais Museveni alianzisha mpango wa mawasiliano ya UKIMWI kwa vijana, unaojulikana kwa kifupi cha PIASCY, ambao uliwataka walimu wazungumze na wanafunzi kuhusu UKIMWI katika mikusanyiko ya shule na kuwapa vitabu vya mwongozo. Kwa upande mmoja, hatua hiyo ilihalalisha mazungumzo. Mwalimu sasa angeweza kusema kwamba Rais ndiye ameagiza. Kwa upande mwingine, vitabu hivyo vilipata upinzani wa viongozi wa dini, na maudhui yake yakasogezwa kuelekea kujizuia na ngono hadi ndoa. Mwaka 2003 Marekani ilipitisha sheria ya mfuko wa dharura wa UKIMWI, PEPFAR, iliyotaka theluthi moja ya fedha za kinga itumike kuhimiza kujizuia huko. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopokea fedha hizo kwa wingi. Ripoti ya Human Rights Watch ya Machi 2005 ilieleza jinsi taarifa kuhusu kondomu zilivyoondolewa katika vitabu vya shule za msingi. Miezi michache kabla, mwaka 2004, serikali ilikuwa imeziondoa kondomu za bure za Engabu kwa sababu ya ubora wake, jambo lililowaongezea nguvu waliokuwa wakiwaambia vijana kwamba kondomu haziaminiki.

Mwalimu wa Dunia Huanza na Mimi alisimama katikati ya mikondo hiyo. Mkononi alikuwa na masomo 14, likiwamo la kondomu; ukutani palikuwa na mabango ya kuhimiza kusubiri; ofisini alikaa mkuu wa shule, mara nyingi ya dhehebu fulani, kwani sehemu kubwa ya shule za Uganda zilianzishwa na makanisa. Hakuna aliyemkataza kufundisha. Ila hakuna aliyemwahidi kumtetea mzazi akija juu.

Utafiti wa Rijsdijk na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, ulilinganisha shule 24 zilizotumia programu hii na shule 24 ambazo hazikuitumia. Walihusishwa wanafunzi 853 katika kundi la kwanza na 1,011 katika la pili. Matokeo yalikuwa mazuri kwa kiasi. Wanafunzi wa programu walielewa vizuri zaidi kinachozuia mimba na kisichozuia, walikuwa na nia imara zaidi ya kuchelewa kuanza ngono, mtazamo wao kuhusu kondomu uliboreka, na walijiamini zaidi kukabiliana na shinikizo la ngono wasiyoitaka. Tukumbuke kwamba kwa miaka mingi wapinzani walikuwa wakidai kuwa kumfundisha kijana kuhusu kondomu ni kumfungulia mlango. Hapa wanafunzi waliojifunza yote mawili kwa pamoja walitoka wakiwa na nia ya kusubiri na pia uwezo wa kujikinga.

Lakini yalikuwapo matokeo mengine mawili ambayo hayanukuliwi sana. La kwanza lilikwenda kinyume: kuhusu mambo yasiyoambukiza virusi, kama vile kupapasana na kubusiana, wanafunzi wa programu walipata alama za chini kuliko wenzao. Tafsiri mojawapo, ambayo makala haya yanaiona kuwa ya karibu zaidi, ni kwamba mwalimu aliyeogopa kuonekana anahalalisha mabusu aliona heri kuacha hofu iendelee. Mashine ilisema hivi, mwalimu akanyamaza pale, na mwanafunzi akajifunza kutoka kwenye ukimya. La pili ni kwamba shule nyingi hazikumaliza masomo yote, na pale programu ilipotekelezwa kwa ukamilifu ndipo faida zilipokuwa pana. Kazi iliyofuata ya watafiti haohao, ya mwaka 2014, iliwageukia walimu wenyewe na kukuta kwamba mada za ujinsia, haki na kondomu ndizo zilizowawia vigumu, na kwamba imani ya mwalimu katika uwezo wake pamoja na msaada wa uongozi wa shule vilikuwa na uzito mkubwa katika kiasi alichofundisha.

Kwa maneno mengine, somo ambalo teknolojia ililetwa mahsusi ili kulirahisisha ndilo lililokuwa rahisi zaidi kurukwa. Aibu ilihamishwa kutoka kwenye ulimi wa mwalimu ikatua kwenye ratiba. Hakuhitaji tena kukataa kutamka. Alichohitaji ni wiki ya mitihani kufika mapema kidogo.

Simu bila mwalimu

Je, si ingefaa basi kumwondoa mwalimu kabisa? Jaribio hilo lilifanyika, ingawa nje ya shule. Juni 2009 Google, kampuni ya simu ya MTN Uganda na Grameen Foundation zilizindua huduma iliyomwezesha mtu kutuma swali la afya ya uzazi kwa ujumbe mfupi wa simu na kupata jibu la papo hapo kutoka kwenye hifadhi ya majibu yaliyoandaliwa. Hapa palikuwa na kila kitu ambacho mtetezi wa mashine angekitamani: hakuna uso, hakuna karipio, hakuna ratiba, hakuna mkuu wa shule.

Tathmini ya Jamison, Karlan na Raffler (2013), iliyofanywa kwa kulinganisha maeneo yaliyohamasishwa kutumia huduma na yasiyohamasishwa, haikuona ongezeko la maarifa wala mwelekeo wa tabia salama zaidi. Iliona hata dalili za ongezeko la wapenzi wengi. Wasimamizi wa huduma hawakutarajia hivyo, na wapinzani wa elimu hii wangeweza kushangilia kama wangeisoma tathmini hiyo. Haifai, hata hivyo, kuichukua kuwa ushahidi dhidi ya elimu. Kilichopimwa hapo kilikuwa ni taarifa peke yake, iliyotoka kwa mjibu asiyejua aliyeuliza ana umri gani, anauliza kwa nini, na atafanya nini na jibu. Senga wa Masaka asingeweza kumjibu msichana kuhusu vidonge bila kwanza kutaka kujua amekwenda wapi juzi usiku. Udadisi huo, ambao kijana anaukimbia, ndio uliokuwa nusu ya mafunzo.

CyberSenga ya Mbarara ilijaribu kutibu kasoro hiyo kwa kuipa mashine udadisi kidogo. Msingi wake ulikuwa uchunguzi wa awali wa Ybarra na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006, ambao uliwahoji wanafunzi 500 wa sekondari mjini Mbarara na kukuta kwamba asilimia 45 walikwisha kutumia intaneti, na asilimia 35 walikwisha kutumia kompyuta au intaneti kutafuta habari za UKIMWI. Takwimu hiyo ni ya kushangaza kwa mji wa mkoani wakati huo, nayo inaonyesha kwamba wanafunzi waliifikia mashine kabla shule haijawapelekea. Programu ilipobuniwa, ilimuuliza kwanza mwanafunzi kama ni wa kike au wa kiume na kama amekwisha kuanza ngono, kisha ikampa maudhui yanayomhusu. Hiyo ni hatua ya kweli kuelekea kwa senga. Msichana ambaye hajaanza hakuhubiriwa mambo ya aliyeanza, wala aliyeanza hakuhukumiwa kwa mahubiri ya kusubiri.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuwa ya wastani. Tofauti kubwa kati ya waliotumia programu na wenzao haikuonekana kwa wanafunzi wote kwa ujumla. Dalili za mafanikio zilikuwa kwa wale ambao hawakuwa wameanza ngono, hususan waliorudishwa kwa kipindi cha nyongeza miezi kadhaa baada ya masomo ya kwanza. Jambo la kipindi cha nyongeza linafaa kutiliwa mkazo. Senga wa damu hafundi mara moja akaondoka; hurudi msiba ukitokea, harusi ikitokea, binti akikosana na mumewe. Faida ndogo iliyopatikana Mbarara ilipatikana pale mashine nayo iliporudi.

Agosti 2016 na baada yake

Mjadala huu wa kitaalamu ulikatizwa na siasa. Baada ya vyombo vya habari kudai kwamba mashirika kutoka nje yalikuwa yakiwafundisha watoto mambo yasiyolingana na maadili ya Uganda, ushoga ukiwa ndio uliotajwa zaidi, Bunge lilipitisha azimio Agosti 2016 la kusimamisha elimu kamili ya ujinsia shuleni. Oktoba mwaka huo Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, Janat Mukwaya, alitangaza marufuku hiyo kwa shule na sehemu nyingine za umma na binafsi.

Wakati marufuku inatangazwa, utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2016 ulikuwa ukikusanya takwimu zilizoonyesha kwamba robo ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Mwaka 2011 walikuwa asilimia 24. Kiwango kilikuwa hakijashuka kwa miaka mitano, na sasa hata kile kidogo kilichofundishwa baada ya vipindi kilisimama au kubadili jina. Kwa mwalimu aliyekuwa amesitasita miaka yote, marufuku ilikuwa uthibitisho kwamba alifanya vyema kuruka somo la kondomu. Kwa yule aliyekuwa na ujasiri, ilikuwa adhabu.

Wizara iliyotangaza marufuku ndiyo iliyokuwa ikiendesha, tangu mwaka 2014, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, namba 116, iliyopewa jina la Kiswahili: Sauti. Mtoto aliyetendewa ukatili angeweza kupiga na kusikilizwa na mtu. Simu hiyo ilibaki wazi. Serikali haikuwa imekataa teknolojia, wala haikuwa imekataa mazungumzo na mtoto aliyekwisha kuumizwa. Ilichokataa ni mazungumzo ya kabla.

Mei 2018 Wizara ya Elimu na Michezo, chini ya Waziri Janet Museveni, mke wa Rais, ilizindua mwongozo wa kitaifa wa elimu ya ujinsia uliojengwa juu ya uchaji Mungu na maadili ya taifa, ukipanga mafunzo kulingana na umri kuanzia watoto wadogo. Wengi walitarajia kwamba mwongozo huo ungemaliza mgogoro. Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Stanley Ntagali, aliupinga hadharani, na utekelezaji wake ukakwama. Ni vigumu kupata mfano bora wa ugumu wa mwalimu: waziri aliyejulikana kwa miaka mingi kuwa mtetezi wa kujizuia hakuweza kupata kibali cha viongozi wa dini kwa mwongozo wake mwenyewe. Mwalimu wa kidato cha pili angepata wapi kibali hicho?

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, zikakaa bila kufunguliwa kikamilifu karibu miaka miwili. Masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na kwenye karatasi zilizochapishwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi nzima kutegemea vyombo badala ya mwalimu, na elimu ya afya ya uzazi haikuwa na nafasi ya maana katika mpango huo. Novemba 2021, katika kesi iliyofunguliwa na kituo cha CEHURD, Mahakama Kuu iliamuru serikali iandae sera ya elimu ya ujinsia ndani ya miaka miwili. Shule zilifunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Kwa agizo la Wizara, wasichana wajawazito na wanaonyonyesha waliruhusiwa kurudi darasani pamoja na wenzao, na jukumu la kuwapokea langoni, kuwatafutia nafasi na kuzungumza nao likaachwa kwa walimu.